"String" kwa Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu wa mwaloni

Mchana huwa naunga nyavu kwenye mwalo wa Igombe, yaani ufuko wa kushushia samaki, upande wa Ilemela hapa Mwanza. Jioni nafundisha Kiingereza vijana wa jirani: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, na wachache waliomaliza kidato cha nne wanaosoma kompyuta mjini. Katika maneno yote tuliyopitia pamoja, "string" ndilo lililotusumbua zaidi. Leo mtu analikuta kwenye bunda la uzi wa nyavu, kesho kwenye gitaa, keshokutwa kwenye skrini ya kompyuta, na kila mahali maana imehama. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila muhula.

## Mwalimu, kwa ufupi "string" ni nini?

Ni uzi mnene au kamba nyembamba. Ni kile unachofungia mdomo wa kiroba cha mchele, unachotundikia chandarua, unachofungia kifurushi cha kupeleka Ukerewe. Kikikatika kwa wembe mara moja, na bado kina nguvu ya kubeba mfuko wa nyanya, Mwingereza atakiita "string". Kiswahili kina neno lake hasa la kitu hicho, nalo ni ugwe. Wingi wake ni nyugwe.

## Mbona kamusi yangu imeandika "kamba"?

Haijakosea, ila haijamaliza. Kamba kwetu haijali unene. Tunasema kamba ya viatu, kamba ya kuanikia nguo, kamba ya mbuzi, kamba ya nanga, na anayesikia anajua ukubwa kwa kuitazama kazi. Kiingereza kinataka ukubwa utajwe ndani ya neno lenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye insha kwamba kivuko cha Kamanga kilifungwa gatini kwa "string". Sarufi yake haikuwa na doa. Lakini msomaji wa Kiingereza angeona chombo kilichobeba malori kimeshikiliwa na ugwe wa kufungia maandazi. Hapo neno lake ni "rope".

Ukitaka kupanda kutoka chini kwenda juu, anza na "thread", yaani uzi wa cherehani. Juu yake "string", kisha "cord", ambayo ni kamba nyembamba iliyosokotwa au kusukwa vizuri, kama ile ya pazia. Halafu "rope", kamba ya kushika kwa kiganja kizima. Mwisho "cable", kamba nene mno au ya chuma. Mfano wa hiyo ya mwisho uko karibu: daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ukipita juu yake utaziona kebo za chuma zimetanda kutoka kwenye nguzo zake. Hizo hata sisi hatuziiti kamba.

## Na "twine" je? Ndilo lililoandikwa kwenye bunda la uzi wa nyavu.

"Twine" ni nyuzi mbili au zaidi zilizosokotwa kuwa moja. Neno lenyewe ni ndugu wa neno la Kiingereza la "mbili", kwa hiyo ukilikumbuka hilo hutalisahau. Uzi wowote uliosokotwa wa kuungia nyavu ni "twine", na "twine" yoyote unaweza kuiita "string" ukiwa unaongea tu. Kinyume chake si lazima kiwe kweli.

Maneno haya yana ukoo wa kuvutia. "Thread" limetokana na neno la kale lenye maana ya kusokota. "Cord" lilipita Ufaransa na kwa Walatini, na mzizi wake ni neno la Kigiriki lenye maana ya utumbo, kwa sababu nyuzi za ala za muziki zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. "Line", ambalo wavuvi wa ndoano hulitumia kwa mshipi, asili yake ni Kilatini cha kitani. Sisi nasi neno kitani tulilipata kwa Waarabu, na kutoka hapohapo tukawa na katani. "String" lenyewe limetoka kwenye lugha ya kale iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, na linahusiana na neno la nguvu: kitu kilichovutwa kikakaza. Naliona hilo kila nikivuta uzi nione kama fundo limeshika.

## Namba kama 210D/9 au 210D/12 maana yake nini?

Hili si swali la lugha tu, ni la pesa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Namba ya kwanza inapima uzito wa uzi mmoja mmoja kabla haujasokotwa na wenzake. 210D maana yake ni kwamba mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 210. Namba ya pili, baada ya mkwaju, ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Basi 210D/9 ni nyuzi tisa, na 210D/12 ni nyuzi kumi na mbili. Namba ya pili ikikua, uzi unanenepa na bei inapanda.

Sasa uzuri wake ni huu: unaweza kupima mwenyewe. Chukua mita 90 za uzi, zipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kila uzi mmoja wa 210D una gramu 2.1 kwa mita 90. Kwa hiyo 210D/9 inapaswa kuwa na gramu 19 hivi, na 210D/12 gramu 25 hivi. Itazidi kidogo, kwa sababu kusokota kunakula urefu, lakini haipaswi kupungua.

Nilijifunza hesabu hii baada ya kuumia. Nilinunua mabunda kumi kwenye duka moja mjini, karatasi ikisema 12. Nyavu nilizoziunga zilikatika mapema, na wenye mtumbwi wakanilaumu mimi. Nilipopima bunda lililobaki, mita 90 zilitoa gramu 19. Nilikuwa nimeuziwa tisa kwa bei ya kumi na mbili. Tangu siku hiyo mizani haitoki kwenye kikapu changu, na nawasihi vijana wote wanaoanza kazi hii wafanye hivyo.

## Uzi na kamba ipi inaelea, ipi inazama?

Nailoni inazama, kwa sababu ni nzito kidogo kuliko maji. Polipropilini na polietilini, hizi kamba za plastiki zinazong'aa za bluu, kijani au rangi ya machungwa, zinaelea. Katani inaelea kwa muda, ikishalowa inazama, na ikikaa majini inaoza.

Ndiyo maana kamba ya juu ya wavu wenye maboya na kamba ya chini yenye chubwi si lazima ziwe za aina moja. Ukiwa dukani na huna uhakika, kata kipande cha kidole kimoja ukidumbukize kwenye glasi ya maji, kikamue chini ya maji hewa itoke, halafu utazame. Jambo jingine: nailoni ikilowa inapungua nguvu kiasi, na fundo lolote linapunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hata nusu yake. Usipime kamba ikiwa kavu na nyoofu halafu ukaiamini hivyohivyo ziwani.

## Ni kweli timba nayo ni "string"?

Timba ni wavu wa uzi mmoja mtupu wa nailoni, usiosokotwa, unaopitisha mwanga kama kioo. Kwa Kiingereza uzi huo si "string" wala "twine", kwa sababu hakuna kilichosokotwa. Na kisheria, nyavu hizo haziruhusiwi kwa uvuvi nchini, sawa na kokoro, ule wavu wa kukokotwa. Ziko kwenye kanuni za uvuvi za mwaka 2009. Samaki hauoni wavu huo, na wavu ukipotea ziwani unaendelea kunasa bila mtu. Mimi siziungi, hata mtu akinilipa mara mbili.

## Kwenye gitaa tunasema kamba au uzi?

Uzi. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na kundi zima la vyombo vya aina hiyo tunaliita ala za nyuzi. Ukisema "kamba za gitaa" utaeleweka, na vijana wengi husema hivyo, lakini mpigaji wa zamani atakusahihisha.

Ukanda wetu huu una utajiri wa ala za nyuzi ambao haupo kwenye vitabu vya darasani. Waluo, wa Rorya na wa ng'ambo ya Kenya, wana nyatiti yenye nyuzi nane. Wahaya wa Kagera wana nanga. Mtoto wa mwaloni akisikia nanga anawaza chuma cha kusimamishia mtumbwi, kumbe ng'ambo ya pili ya ziwa nanga ni ubao uliochongwa ukawa na umbo la mtumbwi mdogo, uzi mmoja mrefu ukapitishwa huku na huku juu yake hadi ukawa kama nyuzi nyingi, na mzee akaupiga huku akisimulia habari za watawala na mashujaa. Huko uzi mmoja unageuka nyuzi saba, nane. Nikiwafundisha vijana umoja na wingi wa "string", huanzia hapo.

## "A string of fish" ni kamba ya samaki?

Hapana, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Ni mtungo wa samaki.

Pita Kirumba jioni, au simama popote pembezoni mwa ziwa watoto wakitoka kuvua kwa ndoano. Utamwona mmoja ameshika sato watano au furu kumi, wamepitishwa ukindu kwenye matamvua, wananing'inia. Huo ni mtungo. Alichofanya huyo mtoto ni kutunga. Shanga nazo hutungwa, na zikishatungwa ni mtungo wa shanga. Kiingereza kinatumia neno lilelile, "string", mara kama jina la ugwe, mara kama kitendo cha kupitisha vitu kwenye ugwe, mara kama jina la vitu vyenyewe vikishapangwa. Sisi tumeyatenganisha: ugwe ni kitu, kutunga ni kazi, mtungo ni matokeo.

Halafu tazama neno hilo linakwenda wapi. Mwenye kupanga maneno yakafuatana kwa mizani na vina naye anatunga. Yeye ni mtunzi, kazi yake ni utungo. Sheria hutungwa bungeni, mtihani hutungwa, hadithi hutungwa. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba kupanga maneno mpaka shairi lisimame ni kazi ileile ya kupitisha shanga kwenye uzi: ukikosea moja katikati, unavua zote zilizofuata. Nikiwaambia vijana hivyo, hata yule ambaye hakuwahi kupenda fasihi huinua kichwa, kwa sababu kutunga samaki anakujua tangu ana miaka sita.

Ila usitumie mtungo kila unapoona "a string of". Magari yaliyofuatana ni msururu. Ushindi uliofuatana ni mfululizo. Uongo uliofuatana ni mlolongo.

## Na kwenye kompyuta? Mkufunzi anasema "string" ni maandishi.

Ni kweli. Katika kuandika programu, "string" ni herufi, tarakimu na alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, mara nyingi zikiwa ndani ya alama za kunukuu. Kompyuta inaziona kama shanga kwenye uzi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vitabu husema "mfuatano wa herufi". Mimi darasani husema "mtungo wa herufi", na baada ya somo la samaki hakuna anayehitaji maelezo zaidi.

Jambo la kushika ni kwamba tarakimu zikishatungwa si hesabu tena. Katika lugha nyingi za programu, ukijumlisha 5 na 5 kama namba unapata 10. Ukizijumlisha kama mitungo unapata 55, kwa sababu zimeunganishwa tu mkia kwa kichwa. Ndiyo maana namba ya simu huhifadhiwa kama mtungo. Namba zetu za simu huanza na 0, na ukiiandika kama hesabu ile 0 ya mbele inapotea, na aliyekupa oda ya dagaa humpati tena.

## Kamba hii au kamba huyu?

Ukiwa unasema kitu cha kufungia, ni kamba hii, kamba hizi. Ukiwa unasema yule mdudu wa baharini anayeliwa, ni kamba huyu, kamba hawa. Sisi wa ziwani huyo wa pili tunamkuta zaidi kwenye vitabu na kwenye mahoteli. Uzi ni huu, nyuzi ni hizi. Ugwe huu, nyugwe hizi.

## "Pull strings", "no strings attached", "string along": kuna kamba gani humo?

Usitafute kamba. Tafuta kinachosemwa.

"No strings attached" ni bila masharti. "Pull strings" ni kutumia wakubwa unaowajua ili jambo lako lipite. "On a shoestring" ni kufanya jambo kwa pesa kiduchu.

"String someone along" ndiyo iliyonishangaza. Maana yake ni kumpa mtu matumaini ya uongo siku baada ya siku: leo njoo kesho, kesho njoo wiki ijayo. Na sisi mtaani tunasemaje? "Amenifunga kamba." "Acha kamba zako." Lugha mbili ambazo hazikukaa meza moja zimemwona mwongo akiwa na kamba mkononi. Ukitafsiri msemo huo, chukua wa kwetu bila wasiwasi, ila ujue ni wa mtaani. Kwenye barua ya ofisi andika "alinidanganya" au "alinizungusha".

Tahadhari na "kukata kamba". Kwa mtu wa mtumbwini ni kitendo cha kisu. Mtaani ni kufa, na si lugha ya kutumia msibani mbele ya wafiwa. Huko sema "ametutoka" au "amefariki".

## Na methali zetu za kamba?

Zipo nyingi. "Kamba hukatikia pembamba" kila muunga nyavu anaijua kwa vidole vyake. "Kamba ya mbali haifungi kuni": msaada ulio mbali hautatui shida iliyo mbele yako. Mimi naipenda zaidi "ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa". Ukambaa ni ule utepe wa majani uliosukwa, hauna nguvu hata ukiwa mpya. Kamba iliyochakaa bado ni kamba. Hizo usizitafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza. Eleza kwanza ukambaa ni nini, la sivyo msikilizaji atabaki na kamba mbili tu.

## Waya wa pasi ni "cord", lakini mimi naita waya. Nakosea?

Hukosei. Kwetu kinachopitisha umeme ni waya, hata kikiwa laini kama ugwe. Wamarekani huuita "cord". Nyuzi za sauti zilizo kooni nazo ni "cords" kwa Kiingereza, na kiungamwana, kile kinachomuunga mtoto na kondo la mama, vilevile.

## Bado mtu anaweza kusokota kamba yake mwenyewe?

Anaweza, na nawahimiza vijana wajue hata kama hawataifanya biashara. Mkonge uko mipakani mwa mashamba mengi ya Usukumani, umepandwa kama ua. Si mmea wa asili ya hapa. Ulitoka Mexico, na ulifika Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf; kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyopona ni 62. Kutoka kwa hiyo 62 nchi ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani, na mwaka 1964 ilitoa tani 230,000 hivi. Kisha nailoni na plastiki zikachukua nafasi yake, na mashamba mengi yakafa.

Jani lake unalipondaponda na kulikwangua hadi ibaki katani nyeupe, unaiosha, unaianika. Kusokota kuna siri moja tu. Nyuzi ndogo unazisokota upande mmoja, labda kulia. Ukizikutanisha mbili au tatu, unazisokota pamoja kwenda kushoto. Kila mmoja unataka kufumuka kurudi ulikotoka, na katika kufumuka unamkaza mwenzake. Ukizungusha zote upande mmoja, ukiachia mkono kamba inajifumua palepale. Bibi yangu aliifanya kwa kuviringisha katani juu ya paja, kitendo ambacho Kiswahili kinakiita kupota, na sikuwahi kumwona akitazama mikono yake.

Magugu maji nayo, yaliyotuvamia ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mabua yake yakikaushwa husukwa kamba za vikapu na viti. Hizo ni za nchi kavu, usifungie mtumbwi.

## Matamshi yake yananishinda.

Husikii vokali yoyote kabla ya "i". Sisi tumezoea kila konsonanti kuwa na vokali yake, kwa hiyo ulimi unataka kusema "sitiringi". Anza kwa kusema "ring" peke yake mara kumi, kisha "tring" kama kengele ya baiskeli, kisha vuta "s" ndefu mbele yake. Kitendo kikiwa kimepita ni "strung", si "stringed": "She strung the beads", alitunga shanga.

## Kuna haja gani ya kusema "ugwe" ikiwa watu wote wanasema kamba?

Niliulizwa hivi na msichana anayeuza nyanya, na swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba sokoni aseme kamba, kwa sababu sokoni unataka kueleweka. Lakini siku atakapotafsiri kitabu, au atakapomweleza mgeni tofauti ya kile kilichofunga kiroba na kile kilichofunga meli, atahitaji neno la pili. Ugwe lipo kwenye kamusi na wazee wanalijua. Wiki iliyofuata alikuja na mfuko wa nyanya, akauweka mezani, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Nimeufunga kwa ugwe."